Vijumba Themanini na Kimoja

Katika umri wangu wa miaka arobaini na sita nimeona ulevi wa namna nyingi, wa tembo na wa tumbaku, wa karata na wa bao, na kila mmoja nimeukemea mbele ya watu kwa ulimi usio na haya. Sikupata kudhani kuwa mimi nami ningetiwa utumwani, tena na tarakimu tisa zisizo na harufu wala ladha. Ulevi wangu ni Sudoku. Naandika habari zake si kwa kujisifu, wala si kwa kutubu barabara, maana sijaacha.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, naomba ruhusa nieleze kwa ufupi. Ni mraba mkubwa uliogawanywa katika vijumba 81, safu tisa za kulala na safu tisa za kusimama. Na ndani yake mna miraba midogo tisa, kila mmoja una vijumba tisa. Baadhi ya vijumba vimekwisha jazwa na mtungaji. Vilivyobaki hujazwa na mchezaji kwa tarakimu moja mpaka tisa, kwa sharti kwamba tarakimu yoyote isirudiwe katika safu ya kulala, wala ya kusimama, wala katika mraba mdogo. Hesabu haimo hata chembe. Hakuna kujumlisha wala kutoa. Ungeweza kuweka picha za samaki tisa mahali pa tarakimu, na mchezo usingepungukiwa na kitu. Mimi niliyekuwa wa mwisho katika hesabu shuleni nilifurahi mno nilipotambua jambo hili, na furaha hiyo ndiyo iliyonifungulia mlango.

Watu wengi hudhani ni mchezo wa kale wa Wajapani. Jina ni lao, lakini mchezo kwa umbo lake la leo ulichapishwa kwanza Marekani mwaka 1979, katika gazeti la mafumbo la Dell, na husadikiwa kuwa mtungaji wake ni Howard Garns, msanifu wa majengo wa Indiana, aliyefariki mwaka 1989 kabla dunia haijaujua. Japani uliingizwa mwaka 1984 na kampuni ya Nikoli, na Maki Kaji akaupa jina lililofupishwa kutoka maneno yenye maana kwamba tarakimu sharti ziwe kapera. Jina hilo hunichekesha kila nilikumbukapo: makapera tisa, kila mmoja na chumba chake, wasiokubali kuonana na wa jina lao. Kisha Wayne Gould, mtu wa Nyuzilandi aliyekuwa jaji Hong Kong, aliliona fumbo hili katika duka la vitabu mjini Tokyo mwaka 1997, akatumia miaka kama sita kutengeneza programu ya kompyuta ya kuyatunga, na gazeti la The Times la London likaanza kuyachapisha mwezi wa Novemba 2004. Baada ya hapo uliingia nyumba nyingi za dunia, na yangu ikiwamo.

Nimejiuliza mara nyingi ni nini kinachonivuta. Mwaka 2005 wataalamu wa hesabu walipata kuwa miraba iliyojaa kwa sharti hili ni 6,670,903,752,021,072,936,960. Jaribu kuitaja idadi hiyo kwa sauti, msomaji, na utachoka kabla hujafika mwisho. Katika wingi huo wote, fumbo lililotungwa vema lina jibu moja tu, na kila kinachohitajika kulipata kimekwisha wekwa mbele yako. Mwaka 2012 ilithibitishwa kwa msaada wa kompyuta kuwa tarakimu 17 zilizojazwa zaweza kutosha kulishika jibu hilo moja, lakini 16 hazitoshi kamwe. Mtu wa kazi yangu hana neema kama hiyo popote. Mwanafunzi huniuliza maana ya ubeti, nikampa maana tatu, na mwenzangu wa chumba cha pili akampa ya nne. Twaketi mkutanoni saa tatu kuamua jambo, na tukitoka hatujui kama tumeamua. Usiku, chini ya taa, nachukua kijitabu, na kwa muda wa nusu saa kila kitu chapata mahali pake.

Walevi wa bao wana hali nafuu kuliko mimi. Bao lina mshindani wa kukukebehi na watazamaji wa kukusahihisha, na hapana budi mmoja aseme jua limetua, twende zetu. Sudoku haina mtu wa kuinuka. Tena mchezaji wake huonekana kama mtu wa kazi. Mjini Sydney, mwezi wa Juni 2008, kesi ya dawa za kulevya iliyokwisha chukua zaidi ya siku sitini ilivunjwa kwa sababu baadhi ya wajumbe wa juri walikuwa wakijaza Sudoku mahakamani. Walidhaniwa wanaandika ushahidi kwa bidii, mpaka ilipotambuliwa kuwa kalamu zao zilikuwa zikishuka chini badala ya kwenda upande. Niliposoma habari hiyo nilicheka, nikamsomea mwenzangu kazini naye akacheka.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa kuunda majahazi. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho alilala miezi miwili nyumbani kwa dada yangu, Tanga, nami nikapata ruhusa ya kukaa naye. Tulikuwa na ahadi ya zamani, mimi na yeye, kwamba siku moja atanisomea maneno yote ya ufundi wake, toka mkuku hata foromali, nami niyaandike yasipotee. Nilikwenda na daftari la kazi hiyo, na kijitabu cha mafumbo cha kupitishia saa alizolala.

Alasiri moja aliamka akiwa na nguvu, akaanza kueleza habari za mataruma: mti gani huchaguliwa, na kwa nini taruma moja halikatwi kama jingine. Kijitabu kilikuwa magotini kwangu, na nilikuwa nimebakiwa na sehemu ndogo. Nikasema moyoni, nitaijaza saba hii, kisha nitafungua daftari. Alisema kwa kitambo kirefu, nami nikiitika, "Naam, baba." Mwisho aliniuliza, "Umeandika, mwanangu?" Nikamjibu, "Nimeandika, baba." Akaniambia vema, akageukia ukuta, akalala. Hakupata tena nguvu ya namna ile, na siku kumi na nane baadaye alifariki.

Wakati wa tanga dada yangu alinieleza kwamba baba aliwaambia waliomzuru kuwa sasa hana wasiwasi, ufundi wake wote umo katika daftari la mwanawe.

Ninacho kijitabu kile. Fumbo la siku hiyo limejaa lote, bila kosa, na pembeni yake pana maneno matatu kwa mwandiko wangu: "taruma la tatu". Ni nini juu ya taruma la tatu sikumbuki. Nimekwenda pwani kuwauliza mafundi waliobaki. Mmoja alinipa sababu moja, wa pili akanipa nyingine, na wa tatu, mzee kuliko wote, aliniuliza ni la chombo gani na kiliundwa wapi, nikawa sina jibu. Nimeyaandika yote matatu katika daftari, pamoja na swali la mzee yule.

Nilijiwekea amri ya fumbo moja kwa usiku, baada ya kazi kwisha. Jana nilijaza mawili.