Chombo cha Haraka Kilichotuchelewesha Maziko

Sisi ni ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Mkubwa kati yetu, ambaye ndiye mwenye kalamu hii, ni katibu wa kamati ya msikiti katika mtaa mmoja hapa Nachingwea. Mdogo ni mfanyabiashara wa vyombo vya ndani, azungukaye na mizigo yake katika minada ya vijiji upande wa Ruangwa. Kwa miaka saba tulishirikiana pikipiki moja ndogo, Boxer ya CC 100, tuliyoinunua kwa kuchangiana.

Chombo kile kilitutumikia kwa uaminifu. Kilimpeleka mama hospitali, kilibeba magunia ya korosho hadi ghalani, kilisambaza barua za kamati katika misikiti jirani, na katika Ramadhani kilibeba ndoo za uji wa futari. Udhaifu wake tuliujua, na kwa kuwa tuliujua tuliupangia. Tukialikwa harusi Ruangwa, mwendo wa yapata kilomita 50, tuliondoka mara baada ya sala ya alfajiri, tukapumzika njiani, tukafika kabla ya watu kukaa mkekani.

Haja ya kuwa na chombo kikubwa zaidi haikutoka shambani wala dukani. Ilitoka machoni. Mdogo wetu alikwenda Dar es Salaam kufuata mzigo, akaiona pikipiki ya mashindano iliyokwishatumika ikiuzwa: CC 600, silinda nne, rangi ya buluu, kifua kimeinama mbele kama mwewe anayetaka kushuka. Akatuma picha. Ilikuwa wajibu wa mkubwa kusema neno la kumtuliza. Badala yake aliitazama picha ile usiku kucha, hata mkewe akauliza ni nani aliyefariki.

Msimu ule korosho ilikuwa imetupa. Wasomaji wa mikoa ya kusini wanajua utaratibu wetu: mkulima hupeleka korosho yake katika chama cha msingi, nayo huuzwa mnadani kupitia chama kikuu cha RUNALI, kinachowaunganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kisha malipo huja. Malipo yale tulikuwa tumekwisha kuyapangia kazi. Yalikuwa ya kuezeka upya nyumba ya mama, ambayo mabati yake yalikuwa yameoza. Tukaambizana kwamba mvua za mwaka ule zilikuwa zinaelekea ukingoni, na kwamba mabati hayaozi kwa siku moja. Mama hatukumshauri. Tulimwarifu chombo kilipokuwa tayari juu ya lori, kimefungwa kamba, kinakuja. Akasema, "Haya wanangu, Mwenyezi Mungu akitie baraka," akaingia ndani. Tulilichukua neno lile kuwa ni idhini.

Yafaa tueleze tofauti ya vyombo hivi viwili, kwa kuwa vijana wengi wanaotamani kupanda daraja hudhani kikubwa ni kidogo kilichoongezwa kasi. Boxer yetu ilikuwa na nguvu za farasi zipatazo 8. Hii mpya ilikuwa na zaidi ya 100. Gia yake ya kwanza peke yake yaweza kuifikisha mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Katika ile ndogo, kifundo cha mkono kikizunguka kwa bahati mbaya, chombo hunguruma tu. Katika hii, kosa lile lile humtoa mtu barabarani kabla hajamaliza kushtuka. Breki ya mbele ya ile ndogo ilihitaji kuminywa kwa kiganja kizima. Ya hii yatosha vidole viwili. Na matairi yake mapana, yenye mifereji michache, yametengenezwa kwa ajili ya lami. Juu ya mchanga na kokoto hayana cha kushika.

Hata sheria inaitambua tofauti hiyo. Leseni ya daraja A1 ni ya pikipiki ndogo. Zile zenye injini inayozidi CC 125 zina daraja lake, A, na mtu hutakiwa apimwe kwa daraja hilo. Leseni zetu zote mbili zilikuwa A1. Tulisema tutalishughulikia jambo hilo wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa miezi mitano.

Liko jingine tunaloona haya kuliandika. Mwaka uliotangulia, katibu huyu huyu alisimama baada ya sala ya Ijumaa akasoma tangazo la kamati kuwataka madereva wa bodaboda waliotoboa ekzosi zao wasipite karibu na msikiti wakati wa ibada. Sasa chombo chake mwenyewe kilikuwa kikiwashwa alfajiri kinaamsha mtaa mzima. Mzee mmoja wa safu ya mbele alitusubiri mlangoni, akasema kwa upole, "Katibu, siku hizi tunapata adhana mbili." Watu wakacheka, nasi tukacheka pamoja nao. Lakini maana yake ilitufikia. Tulipokuwa na Boxer, watu walituuliza hali ya mama. Tulipopata kubwa, walituuliza bei, na tulipenda kuulizwa.

Mwezi wa Juni, ufuta ukianza kutoka mashambani, ilitufikia habari kwamba mama yetu mdogo, ndugu yake mama, amefariki kule Ruangwa. Ndiye aliyetulea katika miaka mama alipokuwa mgonjwa. Maziko yalipangwa kuwa baada ya sala ya alasiri. Mama aliondoka asubuhi hiyo hiyo kwa gari la abiria. Alitutaka tufuatane naye, tukamjibu, "Tangulia mama, sisi tuna chombo."

Kwa hiyo tulichelewa. Mkubwa alikuwa na kikao cha kamati, akakiacha kiendelee hadi mwisho. Mdogo alikuwa na mteja, akamngoja. Adhuhuri ikapita, tukala, na kila mara tulipotazama saa tulijiambia kwamba chombo hiki kitatufikisha upesi. Tungekuwa na Boxer tungeondoka pamoja na mama, au kabla yake.

Tulipopanda tulisoma dua ya kupanda chombo, ile ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua. Mkubwa wetu amekaa miaka minne katika chuo cha Kiislamu akijifunza maana ya maneno yake. Ndani ya dua hiyo mpandaji humtakasa Mola aliyemtiishia chombo, akakiri kwamba yeye mwenyewe asingekuwa na uwezo wa kukidhibiti, na kwamba marejeo yake ni kwa Mola wake. Na hukiri kwa wingi, sisi, si mimi. Siku ile tuliisoma injini ikiwa inaunguruma, na hakuna kati yetu aliyemsikia mwenzake.

Barabara tuliyopita ilikuwa ya vumbi. Mkubwa alikuwa mbele, mdogo nyuma. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa chombo hupita mita 22 katika kila sekunde moja, na mwendo ukiongezwa mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Hayo tumeyajua baadaye, kwa kuyasoma tukiwa kitandani. Tulifika kwenye kona ambayo Boxer ilikuwa imeipita mara mia, pale ambapo magari ya mizigo huchimbua mchanga na kuurundika ukingoni. Mkono ukaminya breki ya mbele kwa nguvu ile iliyozoea chombo kidogo. Gurudumu la mbele likafunga, likateleza, nasi tukawa chini.

Mkubwa alichubuka mikono na goti. Mdogo alivunjika mtulinga. Mkubwa alikuwa amevaa kofia ngumu. Mdogo hakuvaa, kwa sababu tulikuwa tumenunua moja tu. Kwamba kichwa chake hakikugusa jiwe ni rehema ya Mwenyezi Mungu, wala hatuna sehemu yoyote katika hilo.

Aliyetuokota alikuwa kijana wa bodaboda, mwenye pikipiki ndogo kama ile yetu ya zamani, rangi imekwisha kupauka. Alitutazama, akaitazama pikipiki ya buluu mchangani, akasema tu, "Poleni wazee wangu, pandeni." Akatupakia sote wawili, majeruhi katikati, katika ule mtindo uitwao mshikaki ambao kamati yetu imeukemea mara nyingi. Alikwenda polepole sana ili mfupa usitikisike. Tulipofika Ruangwa jua lilikuwa linakaribia kuzama, na watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini na majembe begani. Mama alikuwa miongoni mwa wanawake waliokaa kibarazani. Hakutukaripia. Aliuliza nani ameumia, akainuka kutafuta kitambaa cha kufunga mkono wa mwanawe. Yule aliyetulea alikwenda kaburini bila sisi kumswalia pamoja na jamaa wala kumtia udongo.

Wiki ya pili mjomba wetu, dereva wa malori aliyestaafu, alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alikaa kitako, akamaliza chai yake, ndipo akasema: "Wajomba, mnadhani ninyi ndio wa kwanza kuleta injini kubwa Nachingwea?" Akatukumbusha habari ya karanga. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Walileta matrekta, mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya vita, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kuja hadi hapa. Lakini ardhi na mvua hawakuvichunguza kwanza. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na miaka kadhaa baadaye hata reli ikang'olewa. "Matrekta hayakuwa mabovu," akasema mjomba. "Waliyaleta kabla ya kuuliza udongo."

Kisha akatufundisha kama afundishavyo tingo wake. Alisema chombo kikubwa si haramu wala si laana. Wapo wanaokiendesha miaka mingi kwa amani. Ila mtu hupanda ngazi daraja baada ya daraja. Atokaye CC 100 na aende 125 au 150, akae nayo mpaka mikono iache kufikiri, kisha ndipo atazame mbele. Ajifunze kwa mwalimu, uwanjani, jinsi ya kuminya breki kidogo kidogo na jinsi ya kuingia kona akiwa amekwisha kupunguza mwendo. Apimwe leseni ya daraja lake. Anunue kofia mbili kabla ya kununua chombo. Na aitazame njia anayopita kila siku: kama ni ya mchanga, basi chombo cha lami si chake, hata kama fedha anayo.

Pikipiki ya buluu tuliiuza kwa mtu wa Dar es Salaam, kwa hasara. Kilichobaki kilitosha mabati ya upande mmoja wa nyumba ya mama. Upande wa pili tunaungoja msimu ujao. Boxer haikuwa imeuzwa. Ilikuwa imesimama nyuma ya nyumba na kuku wanaatamia chini yake. Tuliibadilisha mafuta na cheni, ikawaka kwa teke la tatu. Hatusemi kwamba tamaa imekwisha. Likipita jambo la kung'aa barabarani, shingo zetu bado hugeuka.

Ndugu zetu Waislamu, wazazi na vijana, hatuandiki haya kumzuia mtu riziki wala kumwonea kijana furaha yake. Tunasema tu kwamba nguvu inayonunuliwa haiji pamoja na uwezo wa kuimudu. Huo hutafutwa peke yake, kwa muda na kwa unyenyekevu. Mwili ni amana, na fedha iliyotengewa mama ni amana, na abiria aliyekaa nyuma yako amekukabidhi roho yake. Kabla ya kukipandia chombo, washaurini wazazi, nanyi wazazi semeni msikike. Msiridhike na kuingia ndani.

Mtulinga ulipounga, mama alituomba tumpeleke kuzuru kaburi la ndugu yake. Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Mama alikuwa nyuma ya mdogo kwenye Boxer, kofia ngumu juu ya ushungi wake, na mkubwa akafuata kwa bodaboda ya yule yule kijana aliyetuokota, ambaye sasa ni rafiki wa nyumba. Kabla ya kuwasha injini tulisoma dua ile kwa sauti, neno kwa neno, na mama akaitikia. Kwenye kona ya mchanga tulishuka, tukaisukuma pikipiki kwa mikono. Tulifika jua likiwa bado changa. Nyasi zilikuwa zimekwisha kuota juu ya kaburi, tukaanza kuzing'oa.

Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu mdogo, na awahifadhi wote walio safarini. Amin.