Zahabu Ilipopungua, Muzabibu Ulibaki

Leo tutembee pamoja mpaka Australia, katika jimbo la Victoria. Ukitoka muji wa Melbourne na motokari, ukifuata barabara ya magharibi, utapita Ballarat, halafu utafika Ararat. Ndiyo, Ararat! Mufugaji Horatio Wills alikuwa anapita na mifugo yake mwaka 1841, akapumuzika pale, akaita kilima jina la mulima ambako safina ya Noa ilisimama. Endelea mbele kidogo na utakuta mashamba ya mizabibu. Kijiji kinaitwa Great Western.

Sisi watu wa mugodi tunaelewa upesi historia yake. Miaka ya 1850 watu walikimbilia eneo hilo juu ya zahabu. Kule Ararat, Wachina waliikuta nyingi mwaka 1857. Lakini zahabu ya karibu ilipungua, na wachimbaji wengi wakabaki mikono mitupu. Joseph Best alikuwa na shamba la mizabibu tangu 1865. Mwaka 1868 akaanza kuwapa wachimbaji hao kazi: kuchimba mahandaki, si kwa kutafuta zahabu, lakini kwa kulaza divai pahali pa baridi. Sururu ni ile ile, mikono ni ile ile. Mahandaki hayo, kilometa 3 hivi, yangali pale. Ndugu yake Henry alifungua shamba lake mwaka 1866. Familia ya Thomson inalilima tangu 1920, na mizabibu mingine ya wakati wa Henry ingali inazaa.

Divai inayojulisha kijiji hicho ni nyekundu, inaitwa Shiraz. Usizani ilitoka muji wa Shiraz kule Iran. Uchunguzi wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba muzabibu huo ni wa Ufaransa, ambako wanauita Syrah. Pale Great Western usiku kuna baridi, na zabibu zinaiva polepole. Kwenye joto kali, Shiraz inakuwa nzito na tamu-tamu kama konfitiri. Kwenye baridi inakuwa nyepesi zaidi, na inanukia pilipili manga. Si mawazo tu: mwaka 2008 wataalamu wa Australia walitangaza kwamba harufu hiyo inatoka kwa kitu kinachoitwa rotundoni, na kitu hicho hicho kinapatikana ndani ya pilipili manga yenyewe.

Kwa chakula, wenyeji wanaipatanisha kwanza na kondoo wa kuchoma, kwa sababu mafuta ya nyama yanapunguza ukakasi wa divai. Nyama ya ngombe yenye pilipili manga, bata, uyoga wa kukaanga na fromaji ngumu vinafaa vilevile. Samaki mwepesi anamezwa na divai. Na pilipili yetu kali? Hapana, alkooli inaongeza moto kinywani.

Lakini usisahau: divai hii ina alkooli kama 13 au 14 kwa mia, wakati bia nyingi zina 5 hivi. Noa yule wa Ararat alipanda muzabibu, akalewa, akapata haya katika hema yake mwenyewe. Basi nyumba isiyokunywa isijione maskini. Kondoo yule yule anapendeza na maji ya zabibu. Kijana, mama mwenye mimba, na mutu anayeshuka mugodini, kikombe hiki si chao.

Kipushi ilisimama mwaka 1993, ikaanza tena kutoa madini mwaka 2024. Mutoto aliyezaliwa mwaka ule ilisimama alikuwa na miaka 31. Alikula nini miaka yote hiyo? Baba, mama, mushahara ungali unaingia leo. Ikeni jioni moja na watoto, muulizane: hapa kwetu, tunapanda nini, na nani anajifunza kazi ya pili?