Mlezi wa Msitu wa Kibale

Je, mti wa kigeni unaweza kuulea msitu wa asili? Twende pamoja Kibale, magharibi ya Uganda, tukaone.

Tukiondoka mji wa Fort Portal, tunapita mashamba ya chai na migomba. Kisha tunafika Kanyawara, penye kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Makerere. Huko mbega wanaruka juu ya miti.

Sasa tupande kilima. Zamani, juu ya vilima vya hapa palikuwa na nyasi ndefu tu. Moto ulizichoma mara kwa mara. Mche wa mti ulipoota, ulisongwa na nyasi au uliungua. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa misitu walipanda misonobari, miti iliyotoka ng'ambo, ili kupata mbao. Moto nao ukazuiwa.

Misonobari ikakua, ikatia kivuli. Nyasi hupenda jua, kwa hiyo zikafifia. Ndipo wabeba mbegu wakaja. Ndege, popo, nyani na sokwe walikula matunda katika msitu wa asili uliokuwa jirani. Walipopita kwenye misonobari, waliacha mbegu katika kinyesi chao. Mbegu zikaota. Baada ya miaka, miti ya asili ya aina nyingi ilisimama chini ya misonobari. Hakuna mtu aliyeipanda.

Mwaka 1993 Kibale ikawa Hifadhi ya Taifa. Katika miaka hiyo ya 1990 misonobari ikaanza kukatwa. Hapo palikuwa na hatari. Mti mkubwa ukianguka, huvunja midogo. Gogo likiburutwa, huponda miche. Miche mingi iliumia. Hata hivyo, mingine ilipona na mingine ikachipua tena. Mlezi aliondoka, watoto wakabaki.

Tunajifunza nini? Si kila shamba la miti litarudisha msitu. Ni lazima moto uzuiwe. Ni lazima msitu wa asili uwe karibu, ndimo mbegu zitokamo. Tena wanyama na ndege wabebao mbegu wasimalizwe kwa kuwindwa.

Nawe msomaji, kama kijiji chako kina shamba la miti, usikimbilie kufyeka chini yake. Inama kwanza, utazame. Huenda hilo unaloliita gugu ni mti waliokuwa nao babu zako.