Friwili Haichomelewi

Mume wangu alipopooza upande mmoja, kitu pekee nyumbani cha kutuingizia hela kilikuwa baiskeli yake, Phoenix ya chuma. Nikaanza kuuza maji pembezoni mwa mji wa Singida. Madumu manne ya lita 20, yaani kilo 80 za maji matupu.

Mzigo kama huo hula friwili, ile gia ya gurudumu la nyuma inayovutwa na cheni. Ndani yake mna vikucha vidogo vinavyosukumwa na springi ving'ate meno. Ukikanyaga pedeli vinashika, ukitulia vinaruka na kulia tik-tik. Mchanga ukiingia, vinalala. Unakanyaga, cheni inazunguka, gurudumu limesimama. Hayo yalinikuta mlimani, madumu yamejaa.

Fundi mmoja akaichomelea friwili kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Tangu hapo pedeli hazikutulia, zikawa zinazunguka na gurudumu hata mteremkoni, na breki hazikuuweza mzigo ule. Pedeli ikanipiga muundi, nikaanguka, madumu yakapasuka. Niliuguza mguu huku watoto wakinywa uji usio na sukari, na mume wangu akigeukia ukutani nisimwone analia. Nilimlilia Mungu.

Mzee jirani, aliyetengeneza baiskeli tangu ujanani, akanipa habu kuukuu na kunisukia spoki. Hela ya friwili mpya nilikopeshwa na kikundi chetu cha akina mama. "Mwanangu," mzee akasema, "kaa hapa uifunge mwenyewe."

Nikasugua thredi za habu kwa mafuta ya taa, nikapaka grisi. Nikaiweka friwili juu yake na kuirudisha kushoto kidogo mpaka nikahisi thredi zimekaa, ndipo nikaizungusha kulia, kwa vidole tu. Ikikataa, unaitoa na kuanza upya. Ukilazimisha, inapanda upande na thredi za habu zimekwisha. Nikauliza, nigonge wapi?

"Hapagongwi, mwanangu. Kila ukikanyaga pedeli, inajikaza yenyewe."

Ndiyo maana kuitoa ni kazi. Inataka spana yake, ile inayoingia kwenye mapengo ya katikati. Unaibana spana kwenye jiriwa, unalaza gurudumu juu yake, kisha unalizungusha gurudumu zima kushoto. Nyundo na tindo huipasua tu. Na kile kifuniko chenye matundu mawili, kinachozuia gololi zisimwagike, hufunguka kwa kuzungushwa kulia. Wengi hukigonga kushoto na kuzidi kukikaza.

Asubuhi iliyofuata nilipanda ule mlima na madumu mengine, nikashuka upande wa pili miguu imetulia. Namshukuru Mungu, na namshukuru mzee yule. Deni la kikundi nimelilipa. Sasa wenzangu huniletea friwili zao, na mume wangu, kwa mkono wake mzima, ndiye anayezisafisha kabla sijazifunga.

Dada unayebeba maji kwa baiskeli, friwili ikiacha kushika usikubali ichomelewe. Mwombe fundi akuonyeshe, kisha uifunge wewe.