SODO ZA KUFULIWA: NILIYOYAONA MWENYEWE

Mpenzi msomaji, najua ukiona kichwa cha makala haya utatazama kwanza kando uone ni nani aliye karibu nawe. Wavulana watacheka, na wasichana watafunika ukurasa kwa kiganja. Cheka ukitaka, lakini usiupite ukurasa huu. Katika jarida la chama chetu tumesoma mara nyingi juu ya ukame, ukimwi na dawa za kulevya. Jambo linalotupata sisi wasichana kila mwezi halijapata hata aya moja. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Basi leo nimeamua kusema, maana nimelijaribu jambo lenyewe na nina habari kamili.

Kwanza kabisa nieleze hali ilivyokuwa. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Kutoka kwetu hadi shuleni ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Siku zangu za hedhi ni tano kila mwezi, na kwa siku hizo nilihitaji pakiti mbili za sodo za dukani. Katika duka la kijijini kwetu pakiti moja ni shilingi 60. Shilingi 120 kwa mwezi si pesa nyingi kwa mtu aliye nazo, lakini mwezi ambao unga umekwisha na mdogo wangu hana kalamu, ni nani atakayesimama mbele ya mama aseme, "Naomba pesa za sodo"? Mimi sikuweza. Katika kidato cha kwanza na mwanzo wa kidato cha pili nilikuwa nikibaki nyumbani siku moja au mbili kila mwezi, nikisema kichwa kinaniuma. Hesabu iliyofundishwa siku hizo ilinipita, na hesabu ikishakupita si mnajua inavyokimbia!

Najua kuna sheria. Mnamo 2004 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa sodo, na Juni 2017 sheria ya elimu ya msingi ilirekebishwa ili kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma apewe sodo za bure za kutosha. Zikifika tunazipokea kwa furaha. Lakini hedhi haingoji lori. Zikichelewa, kila mmoja hujitafutia.

Mwaka jana, muhula wa tatu ulipoanza, shangazi yangu alinijia na mfuko mdogo wa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na sodo sita za kufuliwa, alizozinunua kutoka kwa kikundi cha kina mama wanaoshona sokoni. Kila moja ilikuwa shilingi 120, jumla shilingi 720. Nilizigeuzageuza. Upande wa juu ni kitambaa laini cha pamba, katikati ni tabaka mbili tatu za kitambaa kinachonyonya, na chini kuna kitambaa kisichopitisha maji. Pembeni zina mabawa mawili yenye vifungo vya kubonyeza ili zishike chupi. Shangazi aliniambia, "Ukizitunza, zitakupeleka mwaka mzima na zaidi."

Nyanya yangu, au susu kama tunavyomwita huku Ukambani, alizitazama akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe mmerudi kwetu!" akasema. "Sisi tulitumia matambara ya leso kuukuu na vipande vya blanketi. Tulifua usiku, tukaanika chini ya kitanda asione mtu. Yalikuwa hayakauki vizuri. Ukiyavaa yana unyevu yanakuchubua mapaja, na unatembea kama bata." Maneno hayo ya nyanya niliyaweka moyoni, na baadaye nitaeleza kwa nini.

Siku ya kwanza niliyovaa sodo hiyo shuleni niliogopa sana. Ni nene kidogo kuliko ile ya dukani, na nilihisi kama darasa zima linaiona. Hakuna aliyeiona. Kipindi cha kemia kilipita, na cha historia kikapita. Niligundua kwamba chupi ikilegea sodo inateleza mbele au nyuma, kwa hiyo siku hizo navaa chupi inayobana. Saa nne, wakati wa mapumziko, nilikwenda kubadilisha. Hapo ndipo kazi ilipo. Sodo ya dukani unaitupa, lakini hii ni lazima urudi nayo nyumbani. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini kwetu Agosti 2017, kwa hiyo huwezi kuifunga katika karatasi ya nailoni kama zamani. Mimi huikunja upande wenye damu ukiwa ndani, nikaifunga kwa vifungo vyake, nikaitia katika kopo dogo la siagi lenye kifuniko. Kopo hilo hukaa chini ya vitabu. Halinuki, halivuji, na anayeliona anadhani ni chakula changu cha mchana.

Jambo la pili ni maji. Kwetu Makueni jua tunalo tele, maji ndiyo haba. Kiangazi kikizidi tunachota katika visima vya mchangani kwenye mto uliokauka, au tunanunua mtungi wa lita 20 kwa shilingi 10. Nilipima. Kufua sodo za siku moja hunichukua lita sita: karai la kwanza la maji baridi bila sabuni kutoa damu, la pili lenye sabuni, na la tatu la kusuuza. Maji ni lazima yawe baridi, maana ya moto huigandisha damu kwenye kitambaa na doa halitoki tena. Kwa siku tano ni lita 30, yaani mtungi mmoja na nusu, shilingi 15. Kipande cha sabuni ni shilingi 20. Jumla ni shilingi 35 kwa mwezi.

Hebu tufanye hesabu hii pamoja. Sodo za dukani ni shilingi 120 kwa mwezi, sawa na shilingi 1,440 kwa mwaka. Za kufuliwa ni shilingi 720 za kununua, na shilingi 420 za maji na sabuni, jumla shilingi 1,140. Mwaka wa kwanza nyumba inaokoa shilingi 300 tu. Lakini zikidumu mwaka wa pili, gharama ni shilingi 420, na nyumba inaokoa shilingi 1,020. Haba na haba hujaza kibaba. Tena choo chetu cha shimo hakijai takataka zenye plastiki zisizooza.

Sasa nifikie jambo gumu kuliko maji, nalo ni kamba ya kuanikia nguo. Sodo ya kitambaa inahitaji jua lenyewe. Mwalimu wetu wa biolojia alitufundisha kwamba viini hupenda mahali penye joto na unyevu, na jua huwamaliza wengi wao. Ukiianika chini ya kitanda umeirudisha katika matambara ya nyanya. Lakini kamba yetu iko kando ya njia inayotumiwa na nusu ya wanafunzi wa shule hii! Siku ya kwanza nilipoanika, mama alitoka jikoni mbio. "Wewe! Toa hizo vitu hapo, watu wanapita! Anika nyuma ya ghala." Nyuma ya ghala ni kivulini tangu asubuhi hadi jioni.

Simlaumu mama. Aibu hii ni kubwa kutushinda sote. Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia katika Seneti suruali yake nyeupe ikiwa na doa jekundu, akatakiwa atoke akabadilishe nguo. Kama seneta mzima alitolewa nje, sembuse mimi wa kidato cha pili? Lakini nilikumbuka yale maneno ya mapaja kuchubuka. Nilimwambia mama kwa heshima, "Mama, zikikaa kivulini nitaugua, na tutalipa hospitali kuliko tulivyolipa dukani." Nyanya aliyekuwa akichambua maharagwe akadakia, "Mwache aanike. Mimi nilificha, na nilipata faida gani?" Mama alinyamaza. Sodo zikabaki juani.

Jioni hiyo wavulana wawili wa shule walipita. Mmoja akamwuliza mdogo wangu wa miaka 12, "Hizo ni nini mmeanika?" Mdogo wangu hakuinua hata kichwa. "Ni sodo za dada. Zinafuliwa kama soksi." Wale wavulana hawakuwa na la kuongeza, wakaenda zao. Mwisho wa mwezi baba alirudi kutoka kazini Mombasa, akaziona kwenye kamba. Hakusema neno. Usiku, wakati wa chakula, alimwuliza mama kama sabuni inatosha.

Sitaki mtu adhani kila kitu ni rahisi. Mvua za Novemba ziliponyesha mfululizo, sodo zilichukua siku mbili kukauka. Kuzipiga pasi ya makaa haifai, kwani kile kitambaa cha chini huharibika. Mwezi huo nilichanganya: za kufuliwa zilizokauka nilivaa nyumbani, na za dukani nilivaa shuleni. Kwa hiyo, msichana asiye na maji wala sabuni asilazimishwe kutumia hizi eti kwa sababu ni nafuu. Za dukani zina mahali pake.

Kuna na kikombe cha hedhi. Binamu yangu aliye chuoni Machakos anakitumia. Ni kikombe kidogo laini cha silikoni kinachovaliwa kwa ndani, kikapokea damu badala ya kuinyonya. Si kitu kipya: Mmarekani mmoja, Leona Chalmers, alipata hataza ya kikombe cha namna hiyo mnamo 1937. Hukaa hadi saa 12 kabla ya kumwagwa, huchemshwa katika sufuria yake mwezi ukiisha, na kimoja kinaweza kudumu hadi miaka 10. Mnamo 2019 jarida la kitabibu la The Lancet Public Health lilichapisha uchunguzi uliojumlisha tafiti 43 zenye washiriki 3,319, ukasema vikombe hivyo ni salama. Binamu anasema ilimchukua miezi mitatu kukizoea. Mimi bado sijakijaribu. Hata hivyo, kwa mtu wa kwetu kinapunguza safari za kisimani, na hilo si jambo dogo. Lakini mikono ni lazima ioshwe kwanza, kwa hiyo hata kikombe kinarudi pale pale kwenye maji.

Tangu nianze kutumia sodo hizi sijakosa shule hata siku moja kwa sababu ya hedhi. Hesabu bado inanisumbua, lakini sasa inanisumbua nikiwa darasani, na mwalimu yuko pale nimwulize.

Namalizia kwa maombi matatu. Wasichana wenzangu, mkizipata sodo hizi fueni kwa maji baridi, anikeni juani, na msivae ambayo haijakauka kabisa. Mkiona muwasho au harufu isiyo ya kawaida, nendeni zahanati. Wavulana wenzetu, mkipita kwenye kamba za watu, piteni kama mnavyopita penye shati. Mna dada, na siku moja mtakuwa na mabinti. Walimu wetu wapendwa, hatuombi makubwa. Vyoo viwili vya mwisho upande wa wasichana havina komeo kwa ndani. Mwenzako hulazimika kukushikia mlango huku kengele inalia. Tunaomba komeo mbili, na mtungi wa maji wenye mfereji pamoja na kipande cha sabuni hapo nje. Komeo dukani ni bei ndogo kuliko pakiti mbili za sodo. Nimeuliza.