Matairi Manne ya Altezza ya Mjomba

Najua nimepotea, majaribio yalibana. Halafu yalipoisha ikaja habari ya matairi. Msicheke! Wiki mbili nzima, badala ya kuandika maandalio ya masomo, nimekuwa nikisoma ubavu wa tairi. Leo namwaga yote hapa, maana wengi wenu nyumbani yupo kaka au mjomba mwenye gari la namna hii.

Gari lenyewe ni Toyota Altezza RS200 ya mwaka 2001. Kwa wasioijua, Altezza ilitengenezwa Japani kuanzia 1998 hadi 2005, na kule Ulaya na Marekani iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Hii ya mjomba ina gia sita za mkono, injini ya lita 2, na inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Imeshapita miaka 20, lakini ukikanyaga mafuta inakukumbusha ilizaliwa kwa kazi gani. Mjomba anaipenda kuliko anavyokubali kusema.

Sasa mimi nachukua ualimu hapa Mlimani, Hisabati na Jiografia, na mazoezi ya kufundisha nimepangiwa Iringa. Mjomba akajitolea kunipeleka, na mama ambaye alikuja Dar kutibiwa macho tumrudishe nyumbani humo humo. Dar hadi Iringa ni kama kilometa 500. Unapita Mikumi, unapita Ruaha Mbuyuni, halafu unaikuta Kitonga. Kupanda Kitonga ni kazi ya injini. Kushuka ni kazi ya breki na matairi, na mjomba angeshuka peke yake, sisi tukiwa tumeshafika. Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa.

Kwa macho, matairi yake hayakuwa mabaya. Kashata zilikuwepo, hakuna kipara. Fundi wa pancha akayapiga teke, akasema bado yanadai. Nikachuchumaa na tochi ya simu. Ubavuni mwa kila tairi kuna maandishi yanayoanza na herufi DOT, na mwishoni mwake kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ya mbele yalisomeka 3413, yaani wiki ya 34 ya mwaka 2013. Ukikuta tarakimu tatu tu, hilo limetengenezwa kabla ya 2000, likimbie.

Mpira una tabia moja: unazeeka hata ukikaa bure. Hewa na joto vinaukausha, unakuwa mgumu, unapasuka nyufa ndogondogo ubavuni, na kushika barabara kunapungua, hasa ikilowa. Gari la mjomba linalala nje, juani, hapa Dar. Watengenezaji wengi wanasema tairi likishafika miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na likifika kumi litoke hata kama kashata zinang'aa. Magari ya kasi yaliyozeeka ndiyo yanaponzwa zaidi, kwa sababu yanapendwa sana na kuendeshwa kidogo. Kashata haziishi, mwenyewe anajipongeza, kumbe miaka inakwenda.

Mnamkumbuka Paul Walker, yule wa Fast and Furious? Alifariki Novemba 2013 huko California akiwa abiria ndani ya Porsche Carrera GT ya mwaka 2005. Wachunguzi walisema chanzo ni mwendo, maana gari lilikuwa kati ya kilometa 130 na 150 kwa saa. Lakini waliandika pia kwamba matairi yalikuwa na umri wa miaka tisa, na huenda uzee huo ulipunguza uwezo wa gari kutulia. Miaka tisa! Ya mjomba yaliyapita hayo.

Nyuma ndiyo nilichoka kabisa. Matairi mawili ya mtumba, yameandikwa STUDLESS, na mwisho wa saizi kuna herufi Q. Wadau, hayo ni matairi ya theluji. Kule Japani wanayavaa msimu wa baridi, yana mpira laini na mikato mingi midogo ya kung'ata barafu. Magari mengi yanashuka bandarini yakiwa nayo, na mengine yanaletwa kama mitumba. Kwenye lami ya moto yanalegea, yanaisha upesi, na breki ya ghafla yanakuwa kama kandambili. Herufi Q maana yake mwisho ni kilometa 160 kwa saa. H ni 210, V ni 240, W ni 270. Si kwamba mjomba atakimbia 240, Mungu aepushe. Herufi ikiwa juu, tairi limetengenezwa kuvumilia joto zaidi, na joto ndilo adui wa safari ndefu.

Basi mjomba akaja na mpango wake. "Mjomba," akaniambia (sisi tunaitana hivyo hivyo wote wawili), "tununue mawili mapya tuweke mbele, kwenye usukani. Nyuma tutafute mitumba mizuri."

Wengi wanafikiri hivyo. Lakini ikiwa mapya ni mawili tu, ushauri wa watengenezaji ni yaende nyuma. Mbele ikiteleza, gari linakataa kukata kona, na mwili wenyewe unakuambia uachie mafuta. Nyuma ikiteleza, gari linageuka mkia mbele, na dereva wa kawaida hawahi. Kwa Altezza inayosukuma kwa nyuma, juu ya lami yenye maji, hiyo si hadithi ya kutisha watoto. Nikamwambia, "Mjomba, mtumba nyuma hapana. Heri tuahirishe safari." Akanyamaza. Mjomba akinyamaza ujue anapiga hesabu.

Hesabu zenyewe zilikuwa hivi. Kibandiko cha mlangoni upande wa dereva kinasema 215/45R17. Hizo namba tukizifundisha vizuri hata kidato cha pili wataziweza: 215 ni upana kwa milimita, 45 ni asilimia ya upana huo inayokuwa kimo cha ubavu, 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Asilimia 45 ya 215 ni karibu milimita 97. Huo ndio mto pekee kati ya rimu na shimo la barabarani. Na saizi hiyo, ukitaka jipya la maana, bei inakausha mate.

Nikatafuta saizi ya jirani: 205/55R16. Ubavu unapanda hadi karibu milimita 113. Kipenyo kizima cha gurudumu kinatoka 625 kwenda 632, tofauti ya asilimia moja hivi, kwa hiyo mshale wa mwendo haudanganyi sana. Uzito pia hauna shida: namba 91 ubavuni maana yake kila tairi linabeba kilo 615, wakati 87 ya saizi ya zamani ni kilo 545. Na 205/55R16 inavaliwa na magari kibao duniani, hivyo imejaa madukani na bei yake ina huruma.

Tatizo rimu. Jumamosi tukashinda Gerezani, jua la utosi, tukapata rimu nne za inchi 16 za mtumba, matundu matano, umbali wake 114.3 kama za Altezza. Fundi akaifunga moja mbele, akaizungusha kwa mkono tuone kama inagusa breki. Haikugusa. Hapo nikajifunza kitu cha kubaki nacho: rimu ya mtumba haina neno kama haijapinda wala kupasuka, chuma hakihesabu miaka kama mpira.

Rimu za 17 alizichukua kijana mmoja pale pale kwa bei nzuri. Bado pesa ikapelea. Mjomba alikuwa ametenga hela ya kunianzishia maisha Iringa mwezi wa kwanza. Nikamwambia aiweke kwenye matairi, bumu litanibeba. Akanitazama kidogo, akasema, "Utakula nini?" Nikasema mama anakaa Iringa, atanipikia. Akacheka, akatoa.

Tukachukua manne mapya, 205/55R16 91V, yote ya mwaka huu, aina moja. Tukapiga balansi na alaimenti, upepo tukaujaza asubuhi matairi yakiwa ya baridi. Mjomba akarudi nyuma hatua tano, akaliangalia gari lake, akasikitika. "Limekuwa gari la mwalimu." Nikamjibu, "Na mwalimu ndiye anayesafiri."

Tumefika salama. Juzi mjomba alirudi Dar, na mvua ilianza alfajiri, ile mvua ya milimani isiyo na haraka. Sikula chai. Saa tano na nusu simu ikaita.

"Nipo Mikumi."

"Vipi Kitonga, mjomba?"

"Kitonga ipo. Nimeshuka polepole nyuma ya lori. Hakuna cha kusimulia."

Wadau, sijawahi kusikia habari tamu kama hiyo.

Kwa hiyo kazi ya leo kwenu ni moja. Nendeni kwenye gari la mzee, la mama, la shemeji, mchuchumae, msome zile tarakimu nne. Na spea tairi msilisahau, huwa ndilo babu yao. Mimi kesho saa moja na nusu nina kidato cha pili B, na mada, mtashangaa, ni asilimia. Tuko pamoja.