Bangale, Mji wa Maziwa na Moshi

Ukitoka Mwingi kwenda Garissa, ukishaipita Ukasi, vilima vya Ukambani hukuaga na nchi hutandazika. Udongo ni mwekundu, migunga imesimama mbalimbali, na ngamia huvuka barabara kwa wakati wautakao wenyewe. Hapo ndipo Bangale ilipo, ndani ya kaunti ya Tana River. Abiria wengi huiona kupitia dirisha la basi tu. Mimi nasema washuke, wale.

Mto Tana uko mbali na mji huu. Watu na mifugo hutegemea visima na masilanga, yaani mabwawa ya maji, na shamba la kutegemewa ni nadra. Hata hivyo sijui mji mwingine kwenye barabara hiyo unaomlisha mgeni vizuri hivi. Chakula cha wafugaji wa hapa, Waorma na Wasomali, huanzia kwenye maziwa, na ustadi wake mkubwa ni ule wa kuhifadhi, maana mfugaji hula akiwa safarini.

Tazama chombo cha maziwa kinavyoandaliwa. Mama huchukua kijiti cha mti anaouamini, hukiwasha mpaka kiwe kaa, kisha hukitumbukiza ndani ya chombo kilichooshwa, akakifunika na kukitikisa. Moshi huua vijidudu, hukawiza uchachu, na huyapa maziwa ladha ambayo huwezi kuipata kwenye pakiti ya dukani. Maziwa ya ngamia yakiachwa humo siku moja au mbili huwa susa, mepesi, makali kidogo, yenye kukata kiu ya jua la saa saba. Ya ng'ombe hutoa samli. Misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020, ng'ombe walikufa kwa wingi katika kaunti hizi kavu. Ngamia, anayekula majani ya miti, aliendelea kukamuliwa. Sishangai kwamba wafugaji wengi sasa wanamtaka yeye.

Samli ya ng'ombe ndiyo siri ya nyirinyiri, nyama ya kuhifadhi. Nyama hukatwa mapande marefu, huanikwa ikauke, hukatwakatwa vipande vidogo kama punje za mahindi, kisha hukaangwa polepole mpaka maji yote yaishe. Hutiwa iliki na kuzamishwa katika samli hiyo. Hukaa miezi bila friji. Ni chakula cha msafiri, na pia cha harusi, na ukikitafuna pamoja na anjera ya moto, mkate mwembamba wa unga uliochachuliwa usiku kucha, utaelewa kwa nini mgeni huwekewa hicho.

Ustadi huu wa maziwa si wa hapa peke yake. Mbali sana, upande wa Nigeria na Niger, Wafulani nao huishi kwa mifugo, na huchanganya maziwa ya mgando na madonge ya mawele. Chakula hicho huitwa fura da nono. Mfulani akiketi kwenye mkeka Bangale hatahitaji kuelezwa chochote.

Vyakula vya shamba navyo hufika Bangale kwa njia zake. Kutoka Ukambani huja ndengu, mtama na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa maganda. Nimekula muthokoi uliomiminiwa samli ya mfugaji, na kwangu hakuna ndoa njema kuliko hiyo. Kutoka mashamba ya kando ya mto huja ndizi, ambazo Wasomali huzila pamoja na wali wa nyama ya mbuzi, tonge la wali, kipande cha ndizi. Chini kabisa mtoni, kuelekea Garsen, wakulima Wapokomo wana mpunga, maembe na samaki wa mto. Hiyo ni meza nyingine, inayostahili safari yake.

Ukija, njoo asubuhi, maziwa yakiwa mapya. Toa salamu kamili, uliza habari za mvua na za mifugo, kisha keti. Chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi itafika kabla hujaagiza kitu. Baada ya hapo omba susa, na nyirinyiri ikiwapo, agiza anjera za kutosha.